Fishi ya mwaka 1771

Wandugu, ukutani mwa chumba changu kuna karatasi moja, fotokopi ya fishi ya sarufi ya Kijapani. Viunganishi upande mmoja, vitenzi upande wa pili, ukurasa mmoja tu. Mwaka jana niliikariri yote. Kisha nikaenda kuhojiwa kwa ajili ya bursa ya kusomea kilimo cha mpunga. Mzee mmoja wa tume akaniuliza kwa Kijapani, pole pole kabisa, natoka wapi. Fishi nzima niliiona kichwani, hata ile doa ya chai pembeni. Mdomo ukakataa. Bursa ikaenda kwa mwingine.

Nilirudi na hasira, juu niliona karatasi imenidanganya. Njo nikaanza kutafuta: nani alileta haya mambo ya kubana sarufi ya Kijapani kwenye ukurasa mmoja? Nilidhani ni watu wa intaneti. Kumbe fishi ya namna hiyo ilichapwa mwaka 1771, na aliyeitunga alikuwa daktari wa mji wa Matsusaka, anaitwa Motoori Norinaga.

Norinaga alizaliwa mwaka 1730 katika familia ya wafanyabiashara wa pamba. Mama yake aliona mtoto hana mkono wa biashara, akamtuma Kyoto asomee udaktari. Aliporudi, alitibu watu ili ale, na saa zilizobaki akasoma na kufundisha maandishi ya zamani. (Wale wenye lisansi na wanauza krediti ya simu, mumeelewa.)

Shida aliyoikuta ni hii. Wajapani wa wakati wake walikuwa bado wanatunga mashairi kwa lugha ya karne nyingi nyuma, lakini midomo yao ilikuwa imekwisha kubadilika. Katika lugha ile ya zamani, kineno kidogo katikati ya sentensi kiliamuru mwisho wa kitenzi. Ukitaka kusema kuna ua: "hana mo ari". Ukitia "zo" ya kukazia, kitenzi kinageuka: "hana zo aru". Ukitia "koso", yenye kukazia zaidi: "hana koso are". Ari, aru, are.

Siye tunaotumia Kiswahili hatupaswi kushangaa. "Ninasoma", lakini "sisomi": "si" ya mbele inavuta "i" ya nyuma. Na mdomoni huku kwetu tunaivunja kanuni hiyo kila siku, tunaikumbuka paka tukishika kalamu. Ndivyo ilivyokuwa Japani. Katika mazungumzo kanuni ya "zo" na "koso" ilikuwa imekufa, na washairi walikuwa wanakosea bila kujua.

Norinaga akapitia mashairi ya zamani, akaangalia kila kineno kinavuta mwisho gani. Matokeo akayapanga kwenye karatasi moja yenye safu tatu: "ha" na "mo" na wenzao, "zo" na "ya" na wenzao, halafu "koso" peke yake. Chini ya kila safu, miisho inayofuata. Akaiita Himokagami. Unatafuta kineno chako, unashuka na safu, unapata mwisho. Basi.

Mimi mtu wa agronomia, nikaitambua mara moja. Ni kama fishi ya kutambua magonjwa ya muhogo: mistari kumi, lakini nyuma yake kuna mtu aliyetembea mashamba miaka. Na fishi inaonyesha shamba ilikotoka. Ile ya Norinaga haina "namu", ingawa "namu" nayo ilivuta kitenzi kama "zo". Kwa nini? Alivuna kwenye mashairi, na "namu" makazi yake ni maandishi ya kawaida, katika mashairi ni adimu. Fishi ya milimani usiishushe Ruzizi bila kuuliza.

Yeye mwenyewe aliona karatasi haitoshi. Mwaka 1779 aliandika kitabu cha kuieleza, kikachapwa mwaka 1785: mijalada 7, imejaa mifano ya mashairi. Hapo ndipo nilicheka. Mwenye fishi alihitaji mijalada 7 kuielezea, na mimi nilitaka ukurasa mmoja unipeleke Japani!

Lakini aliyenigusa zaidi ni mtoto wake, Haruniwa. Alipokuwa na miaka thelathini na kitu alipofuka kabisa. Urithi wa baba katika elimu ukapewa mwanafunzi aliyefanywa mwana, Ōhira. Haruniwa akajifunza kutibu kwa sindano ili apate riziki. Na bado, kwa msaada wa watu wa nyumbani waliomsomea na kumwandikia, alipanga vitenzi vya Kijapani kwa makundi, na mwaka 1808 kitabu chake, Kotoba no yachimata, kikachapwa na majedwali yake. Kitenzi "kaku", kuandika, kinapita kaka, kaki, kaku, kake: ngazi nne, a-i-u-e. Mtu asiyeona ndiye aliyechora jedwali ambalo wengine wanaliangalia kwa macho.

Kwenye fishi yangu kundi hilo linaitwa "godan", ngazi tano, kwa sababu baada ya maandishi kurekebishwa mwaka 1946 ikaongezwa ile "o" ya "kakō". Mwaka mzima nilikariri neno hilo bila kujua ngazi ya tano ilitoka wapi.

Sasa karatasi bado iko ukutani, lakini nimeigeuza, inaangalia ukuta. Asubuhi rafiki yangu ananisomea sentensi kwa simu, mimi namalizia kitenzi kwa mdomo, macho yamefungwa. Nikikwama mara tatu, ndipo naigeuza. Jana niliigeuza mara kumi na moja. Mahojiano ya pili ni mwezi wa tisa.