Foleni ya Mionzi

Kutoka Nyayo Highrise hadi Hospitali ya Kenyatta huhitaji hata matatu. Unavuka Barabara ya Mbagathi, unatembea kidogo, umefika. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa wa kansa wa Highrise na yule wa Lodwar walikuwa sawa katika jambo moja: wote wawili wangeweza kuambiwa warudi mwaka ujao. Ujirani haukusaidia kitu. (Watu wa hapa walishazoea. Wazee wa Kibera bado watakuambia kwamba maghorofa ya Highrise yalijengwa kwa ajili yao, ila wenye funguo wakatoka kwingine.)

Kenyatta ilianza mwaka 1901 kama hospitali ya Waafrika yenye vitanda 40. Tiba ya mionzi ilifika huko mwaka 1968, na kwa miongo kadhaa mgonjwa asiye na pesa ya hospitali za binafsi hakuwa na pengine pa kwenda. Mashine zenyewe zilikuwa za kobalti-60, teknolojia ambayo Wakanada walianza kuitumia kutibu watu mwaka 1951.

Wacha tuielewe kobalti, maana hadithi nzima imejificha humo. Ni chuma kinachotoa mionzi chenyewe, mchana na usiku. Hukizimi. Unakifungia tu ndani ya kasha zito, na wakati wa matibabu unakifungulia njia. Haili stima nyingi, haina vipuri vingi vya kusumbua, na ndiyo maana iliifaa nchi kama yetu. Ila inazeeka. Kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi, nguvu yake inapungua kwa nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala pale dakika mbili sasa analala nne, kwa kipimo kilekile cha dawa. Chuma kisipobadilishwa kwa wakati, mashine inahudumia watu wachache kila mwaka, huku wanaohitaji wakiongezeka. Uganda ilionja hali hiyo hadi mwisho: mashine ya pekee ya Mulago, iliyofika mwaka 1995, iliharibika kabisa mwaka 2016, na nchi nzima ikabaki bila. Wengine ilibidi waletwe Nairobi.

Huku Nairobi nako, katika miaka ya mwanzo ya 2010, foleni ya Kenyatta ilihesabiwa kwa miezi. Kuna waliopewa tarehe ya mwaka mmoja na nusu mbele. Sasa fikiria mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi, ile ambayo mionzi inaweza kuiponya kabisa ikianza mapema. Uvimbe hausomi kalenda ya hospitali. Alipoandikishwa ugonjwa ulikuwa hatua ya pili, siku yake ilipofika ulikuwa umeenda mbali.

Ndiyo maana huwa nasita nikisikia ile kauli kwamba Wakenya wanachelewa kwenda hospitali. Wapo wanaochelewa, sikatai. Lakini wengine walifika mapema wakacheleweshwa wakiwa tayari mlangoni, kisha wakahesabiwa pamoja na waliochelewa.

Mashine ya LINAC haina chuma cha kuzeeka. Inatumia umeme kurusha chembe kwa kasi kubwa, na mwale wake unapitia vijisahani vya chuma vinavyosogea kufuata umbo la uvimbe. Moyo unaepushwa, tezi za mate zinaepushwa, mgonjwa wa kansa ya koo anaweza kumeza ugali baadaye. London ilimtibu mgonjwa kwa mashine ya aina hii mwaka 1953. Hapa Kenya zilitangulia hospitali za binafsi, na zilipofika, mwenye bima nzuri alianza matibabu huku jirani yake wa ploti akisubiri simu ya Kenyatta.

Kisha ukaja Julai 2019. Bob Collymore wa Safaricom alifariki tarehe 1. Tarehe 26 akaenda Ken Okoth, mbunge wa Kibra, kijana aliyezaliwa Kibera. Siku tatu baadaye, gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote kansa. Okoth alikuwa ametangaza ugonjwa wake hadharani mapema mwaka huo na kutibiwa Paris. Kelele zikapigwa, bungeni na mtaani, na swali la watu wa Kibra lilikuwa jepesi: kama mbunge anaenda Ufaransa, sisi tuende wapi?

Katika miaka iliyofuata serikali ilifungua vituo vya mionzi Mombasa, Nakuru na Garissa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikapata CyberKnife, mkono wa roboti unaofuata uvimbe hata mgonjwa akipumua. Picha zake zilizunguka sana mtandaoni, na ni mashine ya ajabu kweli.

Mimi lakini kilichonigusa zaidi hakina picha nzuri. Ni hesabu. Kwa miaka mingi mwanamke mwenye kansa ya matiti alipewa mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, wiki tano. Baadaye Waingereza wakaonyesha kwamba mara 15 zinatosha kwa wengi. Mwaka 2020 utafiti wao wa FAST-Forward ukaonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo hata mara 5, ndani ya wiki moja, zinafanya kazi ileile. Si kwa kila mtu, na si kwa kila kansa. Tena kipimo cha kila siku kinakuwa kikubwa, kwa hiyo mashine ikikosea shabaha inaumiza zaidi. Hapo ndipo usahihi unapolipia kasi.

Nauli ya siku 25 na nauli ya siku 5 si kitu kimoja kwa mama anayeuza mboga Toi Market. Kwa anayetoka Garissa, zaidi ya kilomita 350, wiki tano za Nairobi zilimaanisha kodi ya chumba, au kulala kwa shemeji hadi shemeji achoke. Na kwa foleni yenyewe, nafasi 25 kitandani, ambazo zamani zilimtosha mwanamke mmoja, sasa zinaweza kuwatosha watano.