Pasaka, meza ya watu waliotoka utumwani

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, kuna wanaouliza kama sisi Wakristo tunapaswa kuchinja mwana-kondoo na kumukula pamoja na mukate usio na chachu na mboga chungu, kama Waisraeli kule Misri. Makusanyiko mengine yameanza kuandaa meza kama hiyo. Basi tutazame historia.

Katika Kutoka 12 tunapenda kusoma juu ya damu kwenye miimo ya mulango, halafu tunafunga kitabu. Lakini mustari wa 4 unasema nyumba ikiwa na watu wachache, washirikiane na jirani mwana-kondoo mumoja. Na mwisho wa sura, mugeni aliyetahiriwa anakaribishwa, sheria ni moja kwake na kwa mwenyeji. Pasaka haikuwa chakula cha mutu mumoja nyuma ya mulango wake.

Yesu aliila Yerusalema na wanafunzi wake, akawapa mukate na kikombe kama mwili wake na damu yake. Mwaka 70 Waroma walibomoa hekalu, na utaratibu wa meza ambao Wayuda wanafuata leo ulipangwa na walimu wao nyuma ya pale. Kwa hiyo anayeiga meza hiyo asifikiri anakula sawasawa na Yesu. Si zambi kuiga. Ni zambi kuifanya amri. Paulo anasema Kristo ndiye Pasaka yetu, na chachu ya kuondoa ni uovu. Tena aliwakaripia Wakorinto wenye mali, waliokula mbele na kuacha masikini na njaa.

Sasa tuje kwetu. Zamani za mufalme Msiri wa Bunkeya, wafanya biashara walitoka Bihé, huko Angola, wakanunua pembe za tembo na watu. Waluba, Wasanga, Wasongye walipelekwa magharibi wakifungwa kwa miti ya shingo. Huko Angola wengi walisikia Injili. Utumwa ulipovunjwa, walirudi kwa miguu, majuma na majuma, wakibeba Neno mbele mwamisionere hajafika kwenye vijiji vyao.

Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, upande wa Malemba Nkulu (si Mwanza ya Tanzania). Wale waliorudi waliwatafuta. Kati yao kulikuwa Shalumbo, Musongye, ambaye mbele alikuwa muteka-watumwa; Burton aliandika kitabu juu yake. Mwaka 1920 walikusanyika Mwanza, na Roho Mutakatifu akawashukia kwa nguvu. Wamisionere waliita siku zile Pentekoste ya Waluba. Hapo ndipo mizizi yetu sisi Wapentekoste wa Katanga.

Fikiri kidogo meza ya kanisa lile. Aliyeteka watu na waliotekwa, mukate mumoja. Kwao Misri haikuwa habari ya kitabuni. Alama za kamba zilikuwa kwenye mwili. Mimi sijui mahubiri juu ya Pasaka yanayopita hayo.

Lakini historia yetu ina ukurasa mwingine pia. Mwaka 1992 kule Likasi, na 1993 hapa Kolwezi, watu wa Kasaï walifukuzwa kwenye nyumba zao. Walilala gare na watoto na masanduku wakingojea treni, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Waliowafukuza, na majirani walionyamaza, wengine walikuwa wamepokea Meza ya Bwana pamoja nao, ndani ya kanisa moja, kwenye benchi moja.

Leo shaba na cobalt zinaleta tena watu toka Kasaï. Wanapanga nyumba kwenye mitaa yetu, wanachimba pamoja na vijana wetu, na Siku ya Mungu wanaingia kanisani. Na masikio yangu yanasikia tena, hata nyuma ya ibada, yale maneno ya 1992: hawa wanakuja kula chakula chetu.