Mtambaapanya wa Gari

Katika gereji za Naivasha Road, kuanzia Dagoretti Corner hadi unapokaribia Kawangware, neno chesisi lina maana mbili, na mteja anayelipa akiwaza maana moja mara nyingi huuziwa ile nyingine. Maana ya kwanza ni ya basi. Mabasi yanayopita hapo huanza yakiwa chesisi tupu: reli mbili ndefu za chuma zilizoshikanishwa na vyuma vya kukingama, injini, magurudumu, usukani na kiti. Dereva huiendesha vivyo hivyo, upepo ukimpiga usoni, hadi kwa waunda bodi, nao huisimamishia kuta na paa. Ukiivua bodi hiyo, chesisi hubaki na hutembea.

Maana ya pili ni ya logibuku. Fielder, Vitz, Demio na Impreza zote zimeandikiwa namba ya chesisi, na ukifungua boneti utaikuta mara nyingi imechongwa kwenye bati linalotenga injini na abiria. Lakini reli mbili hazipo. Tangu Lancia Lambda ya mwaka 1922 kule Italia, watengenezaji wa magari madogo wamekuwa wakiziacha reli hatua kwa hatua na kuitwika bodi yenyewe kazi ya reli hizo. Sakafu, nguzo za milango, paa na mabati ya boneti yamekunjwa na kuchomelewa yakawa kitu kimoja. Hicho ndicho kinachobeba shoku na springi, na hicho ndicho kinachojipinda gari likikata kona.

Kwa hiyo mtu anapoagiza chuma cha kuimarisha chesisi, kinachofungwa hakigusi chesisi yoyote. Kinaunganisha sehemu mbili za bodi. Vijana wa Subaru hukiita strati baa, na wengi wanakijua kile cha mbele tu: bomba linalopita juu ya injini kutoka kichwa cha shoku ya kushoto hadi cha kulia. Vipo vingine. Kipo cha nyuma ndani ya buti, kipo kinachofungwa chini kati ya maungio mawili ya mikono ya magurudumu, na kipo kinachotambaa sakafuni.

Kwa Kiswahili tukiiteje kifaa hiki? Jibu linalokuja haraka ni kiimarishi, nami nalipinga. Kiimarishi hakisemi kinaimarisha nini, na ukimya huo ndio unaouza vyuma visivyohitajika, kwa sababu mteja husikia kwamba gari lake lote limekuwa imara. Gango lina kosa jingine: gango ni la kuganga kilichovunjika, na bodi iliyovunjika au kuoza haigangwi kwa bomba. Mwega huzuia upande mmoja tu, kitu kisianguke, na hukaa nje ya kile unachokizuia. Taruma linakaribia, kwa kuwa mataruma ya jahazi hulishikilia umbo lake, ila ni mengi na yamejipinda kufuata ubavu wa chombo.

Wajenzi wa nyumba wana neno linalofaa kuliko yote. Mti unaolazwa kutoka ukuta mmoja hadi ule unaouelekea, chini ya paa, huitwa mtambaapanya. Paa likizilemea kuta, kila ukuta hutaka kwenda zake. Mti ule huzikataza zisiachane wala zisikaribiane. Haubebi mabati wala haunyanyui nyumba. Kazi yake ni kulinda umbali kati ya sehemu mbili, na hiyo ndiyo kazi nzima ya kile chuma cha kwenye boneti. Tuseme basi mtambaapanya wa mbele, wa nyuma, wa chini, na kwa wingi mitambaapanya ya bodi. Fundi akilisikia neno hili ataelewa mara moja mipaka ya kifaa.

Mipaka hiyo ni finyu kuliko matangazo yanavyodai. Magari mengi madogo tuliyo nayo yana shoku ya mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Katika mtindo huu shoku yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu lisimame wima, na kichwa chake kimefungwa kwenye bati la bodi. Bati likinepa kwenye kona, kichwa husogea na gurudumu huinama. Kwa kiasi gani? Chukua milimita 600 kutoka chini hadi kwenye kichwa. Kichwa kikisogea milimita moja, gurudumu huinama kwa takriban sehemu moja ya kumi ya digrii. Dereva wa mashindano hulihisi hilo. Mtu anayerudi nyumbani mtaa wa Kabiro, huko Kawangware, saa moja jioni akikwepa bodaboda hatalihisi.

Sasa iangalie bushi ya mkono wa chini iliyokwisha mpira. Hiyo hucheza milimita kadhaa, na hucheza mahali pabaya zaidi, maana kwenye kona nguvu kubwa ya pembeni hupita chini, karibu na tairi, kuliko juu kwenye kichwa cha shoku. Kuzuia milimita moja juu huku tatu zikiruhusiwa chini ni kupoteza pesa.

Nilishuhudia mazungumzo ya namna hii katika gereji moja iliyojificha nyuma ya maduka. Kijana alileta Fielder akataka vyuma viwili, mbele na nyuma. “Fundi, gari inalala sana kwa kona,” akasema. Fundi hakujibu. Aliingiza jeki chini ya pembe ya mbele kushoto, akainua mpaka gurudumu likaning'inia, akaufungua mlango wa mbele na kuufunga. Mlango ulifunga vizuri, kufuli haikukwaruza. Kisha akatia nondo kati ya mkono wa chini na sabframu, ile fremu ndogo inayoushikilia, akasukuma. Mkono ukaruka na bushi ikaonyesha mpasuko ulioweza kuingiwa na ukucha. “Bosi, bodi yako iko sawa. Hii ndiyo inakusumbua. Na kulala ni springi na stabilaiza, si baa.”

Jaribio la mlango linafaa kufanywa na kila anayefikiria kununua. Bodi inayojipinda sana hujionyesha pale: mlango hugoma au hubadilisha mlio pembe moja ikiinuliwa. Ukiona hivyo, kabla ya kutafuta mtambaapanya, ingia chini na taa utafute kutu na mishono ya ajali ya zamani. Gari lililowahi kugonga likanyooshwa vibaya halinyooki kwa kufungiwa chuma. Litashikiliwa katika upotovu wake, na kupanga magurudumu kutakuwa kugumu zaidi.

Bodi ikiwa nzima na bushi zikiwa mpya, uchaguzi una maana. Bomba liwe nyoofu. Lililopindwa ili likwepe kifuniko cha injini hunepa kama springi, hata likipakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Chuma cha pua na chuma cha kawaida vinakaribiana kwa ugumu wa kunepa. Alumini ya umbo lile lile hunepa karibu mara tatu zaidi, kwa hiyo ya alumini iwe nene. Tazama zaidi sahani za mwishoni: zikalie bolti zote za kichwa cha shoku, zisiwe bati jembamba linalojikunja kabla bomba halijaanza kazi. Mwelda wa Kawangware aliyepimiwa vizuri anaweza kutengeneza mtambaapanya wa tyubu ya mraba unaoishinda mingi inayouzwa ndani ya maboksi ya kung'aa, mradi azikate sahani kutoka bamba nene na mashimo yalingane bila kulazimishwa kwa nyundo.

STI, kitengo cha michezo cha Subaru, waliwahi kutoa mtambaapanya wenye kiungo cha tufe la chuma katikati, unaokubali kucheza juu na chini lakini haukubali kurefuka wala kufupika. Waliutengeneza kwa makusudi hivyo. Wahandisi wale walijua wanachokilinda ni umbali tu, na kwamba kuikaza sehemu ya mbele ya gari pande zote huharibu utulivu wake kwenye barabara mbovu.

Barabara mbovu ndiyo inayonifanya nisite zaidi juu ya mtambaapanya wa chini. Kwa hesabu ya nguvu, huo mara nyingi husaidia kuliko wa mbele. Lakini hupunguza nafasi kati ya gari na ardhi, na vichochoro vya Kabiro vina mawe na matuta yaliyojengwa na wakazi wenyewe, kila moja kwa kimo chake. Ukiingia shimoni kwa kishindo, mtambaapanya wa juu nao huupeleka mshtuko upande wa pili, na badala ya kunyoosha bati moja unanyoosha mawili. Anayepita kona za barabara ya Mai Mahiu kila wiki akiwa na mzigo mwepesi na tairi nzuri anaweza kupata faida. Teksi ya mtaani haina.

Kwa walimu wa ufundi magari katika vyuo vya Nairobi: wekeni neno mtambaapanya kwenye maelezo yenu, na bodi iitwe bodi pale ambapo si chesisi. Na kwa mwenye gari, pesa zifuate mpangilio huu: tairi, bushi na boljointi, shoku, kupanga magurudumu, kisha stabilaiza. Mtambaapanya uje mwisho, na kwa magari mengi yanayolala Kabiro hauhitajiki.