Budalang'i: Historia ndefu ya mto unaolisha na kufurusha

MVUA inaponyesha katika milima ya Cherangany na miteremko ya Mlima Elgon, wakazi wa Budalang'i, walio mbali kabisa na milima hiyo, huanza kuutazama Mto Nzoia kwa wasiwasi. Si lazima tone hata moja liwe limeanguka katika mashamba yao. Maji yatakayowafurusha makwao huwa tayari yako safarini.

Budalang'i, iliyo katika eneo la Bunyala, Kaunti ya Busia, ndiko Nzoia inakomalizia safari yake kabla ya kumwaga maji katika Ziwa Victoria. Mto huo na vijito vyake hukusanya maji ya eneo lenye ukubwa wa takriban kilomita 12,900 za mraba, kuanzia Elgeyo Marakwet, Trans Nzoia na Uasin Gishu hadi Bungoma, Kakamega na Siaya. Maji hayo yote hulazimika kupita katika uwanda mmoja mdogo ulio tambarare, ambao kimo chake kinakaribiana na cha ziwa lenyewe.

Kwa hakika, uwanda huo ulifanyizwa na mafuriko. Kila mto ulipofurika, ulitandaza tope lenye rutuba lililobebwa kutoka nyanda za juu. Ni rutuba hiyo, pamoja na samaki wa ziwani, iliyowafanya Wanyala, mojawapo ya jamii za Waluhya, kukita maisha yao hapo. Maji yalipopwa, mahindi, mtama na viazi vitamu vilistawi katika udongo uliosalia na unyevu. Mto ulichukua, lakini pia ulirudisha.

Miongoni mwa majanga ambayo hayajasahaulika ni yale ya mwishoni mwa 1961, wakati Afrika Mashariki ilipokumbwa na mvua kubwa ambayo wengi waliiita mvua ya Uhuru. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na nyanda za chini kando yake zikazama. Mto uliokuwa ukimwaga maji ziwani ukakuta mlango umejaa.

Baada ya mafuriko mengine ya miaka ya sabini, serikali iliamua kuuzuia mto. Matuta ya udongo yalijengwa pande zote mbili za Nzoia kati ya 1977 na 1984, kila upande ukiwa na urefu wa kilomita zipatazo 16. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kulima na kujenga karibu na mto kwa matumaini kwamba maji hayatawafikia. Vijiji vikakua, shule zikajengwa, na ardhi iliyokuwa ya maji ikawa ya watu.

Hata hivyo, matuta hayo yalibadilisha tabia ya janga lenyewe. Zamani maji yalipanda polepole na kuenea mahali pengi kwa kina kidogo. Tangu matuta yajengwe, maji hukaa kimya ndani ya mkondo wake hadi tuta linapokatika, kisha huvamia kijiji kwa kishindo, mara nyingine usiku watu wakiwa wamelala.

Aidha, tope ambalo zamani lilisambaa mashambani sasa hutuama katikati ya matuta na kuinua kitanda cha mto. Maji yakishatoka, si rahisi yarudi, kwa kuwa tuta lile lile lililojengwa kuyazuia yasiingie huyazuia yasitoke. Ndiyo maana mashamba husalia chini ya maji kwa wiki nyingi baada ya mvua kukoma.

Udongo nao hauhimili mambo yote. Mifugo hukata njia juu ya matuta, wanyama wachimbao huyatoboa, na wakulima huyalima au kuchota mchanga karibu nayo. Huko juu, misitu iliyofyekwa na mashamba yaliyosogezwa hadi kandokando ya mito huongeza kasi ya maji na wingi wa tope. Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa wa Budalang'i umezibwa mara nyingi baada ya janga kuliko kabla yake.

Matokeo yameonekana. Eneo hilo liliathirika wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, likafurika tena 2003, 2007, 2008 na 2011. Kila mara maelfu ya watu walihamia kambini na shuleni. Vyoo vya shimo vilipofurika, visima vilichafuka na hofu ya kipindupindu ikazuka. Madimbwi yaliyobaki yalizaa mbu na malaria.

Mnamo 2020 janga lilikuja kutoka upande wa pili. Baada ya miezi mingi ya mvua, Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 mwezi Mei katika kipimo cha Jinja, nchini Uganda, na kuipita kidogo rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa 1964. Mto ulifurika huku ziwa likisonga nchi kavu. Tuta la mto halina uwezo dhidi ya maji yanayoingia kutoka ziwani. Familia zilizopoteza makao zilisongamana kambini wakati ambapo wananchi walikuwa wakihimizwa wasikaribiane kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19.

Yapo yaliyofanywa. Kimo cha mto hupimwa katika daraja la Rwambwa, na kwa kuwa maji huchukua muda kushuka kutoka milimani, onyo la mapema linaweza kuokoa watu na mifugo. Benki ya Dunia nayo ilifadhili mradi wa kupunguza mafuriko magharibi mwa Kenya ulioanza 2007, ambao uligusa matuta hayo na hifadhi ya nyanda za juu.

Lakini onyo huokoa maisha, haliokoi shamba wala nyumba. Kila msimu serikali huwataka wakazi wahamie maeneo yaliyoinuka, na kila msimu wengi wao hurejea maji yakipungua. Anayewashangaa hana budi kukumbuka kwamba huko wanakoelekezwa mara nyingi hawana ardhi, ilhali Budalang'i wana shamba, ziwa na makaburi ya wazee wao. Mkazi wa kule chini hawezi kupanda mti katika Cherangany, wala hawezi kupunguza maji ya ziwa. Hatima yake imo mikononi mwa watu wa kaunti kadhaa wanaotumia mto mmoja, na walio wengi wao hawajawahi kuuona ukifurika.