Waliojua Njia za Kasigau

Mlima Kasigau haumo kwenye orodha za wikendi za wengi wetu. Watu wa Nairobi tuna Ngong, tuna Longonot, na wale wenye mapafu ya ziada wana Elephant Hill. Kasigau uko mbali. Unapita Voi kwa barabara ya Mombasa, unashuka Maungu, unaacha lami, kisha unatafuta matatu au boda ya kukufikisha Rukanga kwenye vumbi jekundu. Mlima wenyewe umesimama peke yake nyikani, takribani mita 1,640 kutoka usawa wa bahari, kama mtu aliyeachwa na msafara. Ndugu zake wako upande wa kaskazini: Sagalla, unaouona ukiwa mjini Voi, na Dawida, ile milima mikubwa ya Wundanyi na Mbololo.

Njia ya kupanda huanza kwenye kichaka kikavu cha miiba. Jua linakuchoma, unajiuliza kwa nini hukubaki nyumbani. Halafu yanakuja majabali, halafu, bila taarifa, unaingia baridi. Miti imevaa kuvumwani, majani yanadondosha maji ingawa mvua hainyeshi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huvuka nyika yote bila kizuizi, ukigonga Kasigau unapanda, unapoa, unakuwa ukungu. Msitu unaunasa ukungu huo na kuushusha chini kama vijito. Hapo ndipo vijiji vya chini, Rukanga, Jora, Kiteghe, Makwasinyi, Bungule, vinapata maji yake, siku hizi kwa mabomba yanayotiririsha kwa mteremko tu, bila pampu.

Shikeni hiyo habari ya maji. Karibu kila jambo lililowapata watu wa mlima huu lilitokana nayo.

Maelezo mengi ya utalii huhesabu historia ya njia za Taita kuanzia siku kibao cha kwanza kilipopigiliwa mtini. Lakini njia hizi ni za zamani sana, na nyingine hazikutengenezwa zionekane. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake walichunguza mapango na majabali yenye uvungu kuzunguka Kasigau, hasa upande wa Bungule, wakakuta mengine yamezibwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Kusimba anayahusisha na zama za biashara ya watumwa, watu walipokuwa wakijificha na mifugo yao. Hebu fikiria hilo unapotafuta pa kuweka mguu kwenye mteremko ule. Ugumu unaotutoa jasho ndio uliokuwa ulinzi wao. Njia nzuri ilikuwa ile ambayo mgeni hawezi kuifuata bila mwenyeji.

Na wageni walikuwa wengi. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Taita, Taveta na Uchaga kutafuta pembe za ndovu ililazimika kuvuka nyika ya Taru, nchi ya miiba isiyo na maji ya kutegemewa. Ukishavuka Taru ukiwa hai, mlima wa kwanza wenye maji mbele yako ni Kasigau. Oktoba 1847 alipita hapo mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa akifanya kazi Rabai. Katika maandishi yake mlima unaitwa Kadiaro. Mwaka uliofuata alienda mbali zaidi, na tarehe 11 Mei 1848 akaona theluji ya Kilimanjaro. Ulaya kuna wasomi waliomcheka, eti theluji karibu na ikweta! Shuleni tulifundishwa kwamba Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuuona mlima ule, tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama. Jina la Bwana Kheri, kiongozi wa msafara wake, sikumbuki kulisikia darasani. Rebmann alibeba mwavuli, Bwana Kheri alijua njia. Nawaachia nyinyi kuamua nani alimpeleka nani.

Hadi hapo, kujua njia kulikuwa mali. Mwenyeji aliweza kuuza chakula, kuonyesha maji, au kunyamaza na kupotelea juu mlimani. Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Maungu na Voi, na ghafla ile njia kuu ya misafara ikawa chuma. Kasigau ukabaki pembeni, kati ya reli ya Waingereza na mpaka wa nchi ya Wajerumani. Kwa miaka kadhaa hilo halikuwa na maana yoyote kubwa.

Agosti 1914 likapata maana. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Ulaya, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakateka Taveta mwezi uleule. Kutoka huko walituma vikosi vidogo, watu wachache wenye baruti, kuvuka nyika kwa miguu kwenda kulipua reli. Adui mkubwa wa vikosi hivyo alikuwa kiu. Tazama ramani: ukitembea kutoka mpakani kuelekea reli upande ule, mahali pa kunywa ni pale pale ambapo misafara ilikuwa ikinywa. Waingereza nao walilijua hilo, wakaweka kambi Kasigau. Mwaka 1915 Wajerumani waliishambulia na kuiteka.

Sasa, kikosi kilichoaibika huhitaji sababu. Serikali ya kikoloni ilishuku kwamba Wakasigau ndio waliowaonyesha Wajerumani njia. Labda mtu mmoja alionyesha. Labda alielekezewa bunduki, labda alilipwa, labda aliwachukia Waingereza tu, na sababu hangekosa. Lakini adhabu haikutafuta mtu mmoja. Wakazi wa Kasigau, wazee, akina mama, watoto, mamia ya watu, walikusanywa, wakashushwa mlimani na kuhamishiwa Malindi.

Malindi! Kwetu sisi ni likizo. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye ukungu, Malindi ya 1915 ilikuwa joto, malaria, na ardhi isiyokuwa na jina analolijua. Ni zaidi ya kilomita 150 kutoka Kasigau hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Wengi walifia huko. Waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi mlimani kwao, na wapo ambao hawakurudi kabisa.

Sehemu hii ya habari ndiyo inayonikera kila ninapoisoma. Vita vyenyewe viliondoka Taita haraka. Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walipigwa vibaya pale Salaita, kilima kidogo ukielekea Taveta, lakini Machi Jenerali Smuts alisonga mbele, Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza, na mapigano yakahamia Tanganyika. Hofu ya kwamba Mkasigau atamwonyesha Mjerumani njia ya reli ilikwisha hapo, kwa sababu Mjerumani mwenyewe hakuwepo tena. Watu waliendelea kuwa Malindi.

Leo ukipita Voi, Maktau au Taveta utakuta makaburi ya askari wa vita hivyo, yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola. Kuna watu hufunga safari kutoka Ulaya kuja kuyatembelea, na nadhani ni jambo jema, kijana aliyezikwa Maktau alikuwa mtoto wa mtu. Kuna pia ziara za kutembezwa kwenye ngome na mahandaki ya vita. Wapagazi wa Kiafrika, wale wa Kariakoo, tunawakumbuka angalau kwa majina ya mitaa: Kariakor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Wakasigau hawakuwa askari wala wapagazi. Kwa hiyo hawaingii kwenye hesabu ya upande wowote, ingawa vita viliwamaliza kuliko vilivyomaliza vikosi vingi.

Walichorudia nacho hakikuwa kikubwa. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 ilimeza sehemu kubwa ya nchi ya chini ya Taita, na nyika nyingi inayozunguka Kasigau ni ya ranchi. Vijiji vimejipanga kwenye ukanda mwembamba miguuni mwa mlima. Msitu wa juu, hata hivyo, umesimama. Kule Dawida misitu ya asili imebaki vipande: Ngangao ni kama hekta 120 tu, Chawia ni mdogo hata zaidi, na vingi vya vilima vingine vimefunikwa na misonobari na mikaratusi iliyoletwa. Kasigau uliokolewa na mwinuko wake, na na watu wanaojua kwamba ukikata mti wa juu, bomba la chini linakauka. Tangu mwaka 2011 kuna hata kampuni za mbali zinazonunua hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu ya nyika hii, biashara ambayo mzee yeyote wa miaka ya 1840 angeiona ya ajabu kuliko theluji ya Rebmann.

Na kujua njia kumekuwa kazi tena. Ukienda, usipande peke yako kwa kufuata ramani ya simu. Juu kule ukungu ukishuka hata simu haikusaidii, na njia zinagawanyika bila alama. Ulizia mwenyeji kijijini. Mkubaliane bei mapema, na usimkatie kwa sababu mlima "ni wa bure". Mnapopumzika kwenye majabali, kabla ya baridi kuanza, muulize kama watu wa kwao walikwenda Malindi, na nani alirudi.