Mzizima: Kijiji cha wavuvi kilichomezwa na Dar es Salaam

MASHABIKI wa soka huitaja Mzizima kila Simba na Azam zinapokutana katika mchezo uitwao Dabi ya Mzizima. Lakini ni wachache kati yao wanaoweza kuonyesha mahali kilipokuwa kijiji hicho, ambacho ndicho kilichotangulia Jiji la Dar es Salaam.

Mzizima kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya Bahari ya Hindi, kaskazini mwa mlango wa bandari, katika eneo ilipo leo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jina lake huelezwa kuwa lina maana ya mji wenye uzima, yaani wenye afya.

Wakazi wake walikuwa Washomvi, watu wa pwani wanaojinasibisha na Barawa, pamoja na Wazaramo kutoka bara. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba Washomvi walipotishiwa na Wakamba, walimwomba msaada Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo. Baada ya ushindi, Wazaramo walipata haki ya kupokea ada kutoka kwa watu wa pwani. Mwaka 1859 msafiri Mjerumani, Albrecht Roscher, alifika kijijini hapo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kijiji hicho hakikujengwa ndani ya bandari iliyokuwa jirani yake. Mvuvi wa ngalawa alihitaji ufuko wa mchanga ulio wazi ili avute chombo chake nchi kavu. Bandari ile, ingawa ina kina kirefu na maji yaliyotulia, mlango wake ni mwembamba tena wenye kona, na ulivisumbua vyombo vya tanga vinavyotegemea upepo.

Aliyeiona thamani ya bandari hiyo ni Sultani wa Zanzibar, Seyyid Majid bin Said. Katikati ya miaka ya 1860 alianza kujenga mji mpya kwenye ukingo wake na kuuita Dar es Salaam. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe kati ya mwaka 1866 na 1867, bado limesimama katika barabara ya Sokoine. Hata hivyo, Majid alifariki dunia mwaka 1870, na mrithi wake, Seyyid Barghash, hakuuendeleza mpango huo.

Kwa hiyo Mzizima ilipata ahueni, lakini haikudumu. Wajerumani waliingia mwaka 1887 na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, ambako meli kubwa hazikuweza kufika karibu na nchi kavu. Meli za mvuke hazikusubiri upepo. Mlango uliowasumbua manahodha wa majahazi haukuwa kikwazo kikubwa tena.

Mwaka 1897 hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa katika ufuko huo wa wavuvi. Eneo la mashariki likawa la Wazungu, na Waafrika wakasukumwa upande wa magharibi. Huko ndiko ilikokua Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Tofauti na Kunduchi, ambako magofu ya msikiti na makaburi ya kale bado yanaonekana, Mzizima haikuacha magofu ya kutembelewa. Nyumba za miti, udongo na makuti hazikuweza kushindana na miaka. Msafiri akiyatazama majengo yaliyobaki anaweza kudhani historia ya jiji hili ilianza kwa Sultani na Wajerumani.

Ushahidi uliobaki ni kazi yenyewe. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hospitalini, katika soko la samaki la Feri, wavuvi hushusha samaki alfajiri na wachuuzi kunadi, karibu na kivuko cha Kigamboni kilichoipa Kivukoni jina lake. Mkoa uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022 bado unanunua kitoweo pale pale Mzizima ilipovua.