Rose-Croix: Undugu wa Siri na Historia Yake

Katekista anayefundisha katika parokia ya mji ataulizwa siku moja: "Je, mkristu aweza kuingia katika Rose-Croix? Wanasema si dini, bali hekima ya zamani sana iliyotoka kwa wafalme wa Misri." Wengi wetu tunajibu kwa kuogofya tu, tukisimulia habari za uchawi na za damu tulizozisikia njiani. Jibu hilo halifai. Kwanza, kumshitaki mtu bila ushuhuda ni kuvunja amri ya nane. Pili, mtu anayemjua jirani wa Rose-Croix kuwa mpole na mwenye adabu hatatusadiki tena, hata tukisema kweli. Afadhali tufuate historia.

Mwaka 1614, katika mji wa Kassel nchini Ujerumani, kilipigwa chapa kitabu kidogo kiitwacho Fama Fraternitatis. Kilisimulia habari za Christian Rosenkreutz, aliyekwenda nchi za Waarabu kutafuta hekima, akarudi, akaanzisha undugu wa siri. Ndugu zake waliagizwa kuponya wagonjwa bure, wasivae vazi la pekee, tena wafiche undugu wao miaka mia. Mwaka 1615 kikafuata Confessio, kinachomshutumu Papa waziwazi. Na mwaka 1616, mjini Strasbourg, kitabu cha tatu juu ya harusi ya mafumbo.

Wenye elimu wengi wa Ulaya wakaandika barua na kuzipiga chapa, wakiomba kupokewa. Hakuna aliyeweza kuonyesha nyumba ya ndugu hao. Mwaka 1623 yalibandikwa matangazo mjini Paris kwamba wamefika nao hawaonekani. Descartes alikuwa ametoka Ujerumani, basi watu wakamdhania kuwa mmoja wao. Baillet, aliyeandika maisha yake mwaka 1691, asema kwamba alijitetea kwa njia nyepesi: alitembea mbele ya watu wote, wakamwona!

Je, mtungaji ni nani? Kitabu cha tatu tunamjua mwenyewe: Johann Valentin Andreae (1586-1654), mchungaji wa Kilutheri. Baadaye alikiri kwamba alikitunga katika ujana wake, akakiita mchezo. Tangu mwaka 1620 aliongoza wachungaji wa mji wa Calw, akaanzisha huko mfuko wa kusaidia maskini. Na mji ulipochomwa moto vitani mwaka 1634, alijitahidi kuwasaidia watu waliopotewa na mali zao. Mtu huyu aliyewahi kutunga habari za undugu uliofichika aliishia kuwahudumia jirani zake mchana, mbele ya macho ya wote.

Vyama vya leo ni vya juzi. Max Heindel alianzisha chake huko Marekani mwaka 1909. Harvey Spencer Lewis alianzisha AMORC katika New York mwaka 1915. AMORC hujitafutia mababu hata kwa Farao Thutmose wa Tatu. Lakini maandiko ya kwanza yanayotaja undugu wa Rose-Croix ni ya mwanzo wa karne ya 17. Ukoo ule wa Misri hauna ushuhuda.

Mbona basi wangali wanavuta watu? Kwa sababu wanampa mtu masomo yake mwenyewe, anapanda daraja baada ya daraja, wanamwahidi amani, afya na nguvu ya mawazo. Hati ya Roma ya mwaka 2003 juu ya "New Age" inawataja kati ya mito iliyoingia katika maji hayo mapya. Mtu huenda huko akiwa na njaa. Pengine alikuwa mgonjwa na hakuna aliyemtembelea. Pengine aliuliza juu ya sala, akaambiwa arudie katekisimu tu.

Mtakatifu Ireneo, mnamo mwaka 180, aliwajibu wenye elimu ya siri wa siku zake kwamba mafundisho ya Mitume yanahubiriwa wazi katika Makanisa yote. Na Bwana wetu alishuhudia mbele ya kuhani mkuu kwamba hakufundisha kwa siri.

Basi anayekuuliza juu ya Rose-Croix, mweleze historia hii bila matusi. Kisha mwulize anatafuta nini, nawe usiondoke kabla hajamaliza kukujibu.